Sukari Bila Makosa

Jumanne, tarehe 10 Juni. Asubuhi ilikuwa na mawingu ya kijivu yaliyokaa chini chini, upepo hakuna, na nguo nilizoanika jana yake bado zilikuwa na unyevu kwenye pindo.

Niliamka kabla ya mume wangu, nikasali, kisha nikapiga pasi gauni langu la bluu. Mimi ni dobi wa nyumba ya wageni. Kwa miaka kumi na tisa nimenyoosha mashuka ya watu nisiowajua, lakini asubuhi ile nilijinyooshea mwenyewe. Nesi wa kliniki ya kisukari alikuwa amenipigia simu wiki iliyotangulia.

"Mama, umeshinda," aliniambia. "Wagonjwa wetu wote mia mbili na ishirini wanaotumia ile programu ya simu, hakuna mwenye namba nzuri kama wewe. Jumanne wanakuja wageni kutoka kampuni iliyoitengeneza. Utasimama useme maneno mawili matatu."

Nilimshukuru nesi, nikamshukuru Mungu, nikaandika hotuba ya ukurasa mmoja. Niliiandika mwenyewe. Miaka mitatu kabla ya hapo nisingeweza kuandika hata jina langu bila kulitazama kwenye kitambulisho.

Jambo moja tu lilinisumbua. Nilipoijaribu hotuba asubuhi ile, katikati ya ukurasa palikuwa na doa, kama masizi. Nilifuta miwani kwa pindo la khanga, doa likabaki. Nikahamisha macho, nalo likahama. Nikajiambia ni uchovu.

"Profesa," mume wangu aliita kutoka kitandani. Yeye ni fundi bomba, na tangu nianze masomo ya jioni hajaniita jina jingine. "Hiyo karatasi unaisoma au unainusa?"

"Naisoma."

"Maana pua yako imeshafika mstari wa pili."

"Amka uvae, mume wangu. Leo unakwenda kumwona mkeo akipigiwa makofi."

"Nimekusikia ukienda msalani mara nne," alisema akitafuta viatu kwa miguu. "Mtu mwenye sukari nzuri hakojoi hivyo. Huyo anayepigiwa makofi ni nani?"

Fundi bomba huona maji yanavuja kila mahali.

Niseme ilivyoanza. Mwezi wa pili nesi aliiweka ile programu kwenye simu yangu. Wenyewe wanaiita apu. Alinipa na mashine ndogo ya kupimia sukari na vijiti vyake. Kazi ilikuwa rahisi: asubuhi najichoma kidole, naweka tone la damu kwenye kijiti, mashine inatoa namba, naiandika namba kwenye apu. Namba ikiwa nzuri, apu inaonyesha uso wa kijani unaocheka. Ikiwa mbaya, uso mwekundu wenye chozi. Namba zote huenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya daktari, kwa hiyo hakuna haja ya kupanga foleni kila wiki.

Siku ya kwanza kidole changu kilitoa 16.4. Nikaandika 16.4. Uso ukawa mwekundu, chozi likatoka, na chini yake pakaandikwa: Pole, namba yako iko juu sana.

Nilishikwa na aibu ninayoifahamu vizuri. Darasa letu la jioni hukaa kwenye shule ya msingi baada ya watoto kwenda nyumbani, magoti yetu yakigonga madawati yao. Mwalimu wetu ni mama mwembamba mwenye sauti ndogo, na sheria yake ni moja. Kila mwanafunzi ana madaftari mawili, la rafu na la safi. Kwenye la rafu unafanya kazi kwa penseli, unatafuta kosa liko wapi, unalitoa. Kwenye la safi unanakili kwa kalamu kile kilicho sahihi tu. "Makosa yenu ni yenu," husema. "Yaacheni kwenye rafu. Mimi nileteeni kazi iliyokaguliwa." Anayepeleka rafu mbele hurudishiwa daftari lenye wino mwekundu toka juu mpaka chini.

Nami nilikuwa nimepeleka rafu mbele.

Basi nikachukua daftari langu la rafu, nikaandika 16.4, nikaanza kutafuta kosa. Halikuwa mbali. Jana yake kazini tulikuwa tumemuaga mwenzetu aliyekuwa anastaafu, nikanywa chupa moja ya soda. Nesi mwenyewe alitufundisha kwamba soda inapandisha sukari. Alisema pia kwamba hasira inapandisha, na kukosa usingizi kunapandisha. Hasira ilikuwepo, kwa sababu mume wangu alipanda kitandani na soksi zenye tope. Usingizi ulikosekana kwa sababu ya hasira. Muhula ule tulikuwa tunajifunza kutoa kwa desimali, na mimi desimali zilikuwa zimenikolea.

Nikaandika: 16.4 toa soda 4.0, baki 12.4. Toa hasira 2.5, baki 9.9. Toa usingizi 2.0, baki 7.9.

Sikukadiria ovyo. Kabla ya kila kipimo nilifumba macho nikamwomba Mungu anionyeshe kosa liko wapi na ukubwa wake ni upi. Ile hasira nilitaka kuipa tatu nzima, lakini baada ya kuomba nikaona mume wangu hakukosea kiasi hicho.

Nikaingiza 7.9. Uso ukawa wa kijani, ukacheka.

Naogopa uongo, na siku ile sikuona uongo wowote. Niliona kwamba 7.9 ndiyo sukari yangu mimi, na kile kilichozidi ni cha soda, cha soksi na cha usiku mbaya. Mtu yeyote angeniuliza ningemwonyesha daftari. Hakuna aliyeuliza.

Kuanzia hapo ikawa desturi ya kila asubuhi: sala, kidole, rafu, safi. Baada ya wiki moja apu ilinipa nyota. Baada ya wiki saba ikanipa kikombe cha dhahabu, nikalia kidogo, kwa sababu sijawahi kupewa kikombe. Mwezi wa nne nilipokwenda kliniki, daktari, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, aliitazama kompyuta muda mrefu. Mimi aliniangalia mara moja tu, nilipopiga chafya.

"Safi sana, mama," alisema.

Neno lenyewe lilinifurahisha. Nikamuuliza kuhusu kile kipimo kikubwa cha damu, kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu.

"Maabara haina dawa za kukipimia tangu Januari. Lakini apu inatosha. Kwa namba hizi nitakupunguzia vidonge. Ulikuwa unameza vinne, sasa meza viwili."

Jioni ile nilitoa ushuhuda kwenye kikundi chetu cha maombi. Dada zangu waliimba. Mmoja aliomba nimwandikie jina la apu kwenye karatasi, na nikamwandikia kwa mwandiko mzuri.

Mwezi wa tano herufi za ubaoni zikaanza kuliwa. Neno zima linakuwepo, halafu katikati yake hakuna kitu. Nilihama dawati la tatu nikaenda la pili, kisha la kwanza. "Mama, ukisogea tena utamkalia mwalimu mapajani," kinyozi ninayekaa naye alininong'oneza. Nilicheka, lakini nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimeshajiandikisha kwa mtihani wa mwezi wa tisa, wa cheti cha kumaliza elimu ya msingi. Tena kuna jambo ninalolitaka kuliko cheti. Kwa miaka thelathini Neno la Mungu nimesomewa na watu wengine, kwa haraka yao na kwa sauti zao. Sasa nilikuwa nalisoma kwa macho yangu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na nilikuwa nimefika robo.

Niliyaombea macho yangu. Kuyahusisha na sukari sikuwaza hata kidogo. Ingekuwaje sukari, na simu inanichekea kila asubuhi?

Basi siku ile ya makofi tulifika mimi na mume wangu saa tatu. Ukumbi wa kusubiri wa kliniki ulikuwa umepigwa deki mpaka harufu ya dawa inawasha pua. Mabenchi yalikuwa yamegeuzwa kutazama kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani. Pembeni palikuwa na meza. Wageni walikuwa wameleta kreti mbili za soda na keki kubwa iliyotengenezwa kwa umbo la simu, yenye kioo cha sukari ya bluu. Wagonjwa wa kisukari wapatao hamsini waliitazama kimya, kama wanafunzi wanavyotazama karatasi ya jirani kwenye mtihani.

"Wametuletea adui tumwone sura," mume wangu alisema.

Mgeni mkuu alikuwa bwana mchangamfu mwenye shati jeupe. Kola yake ilikuwa na alama ya jasho ambayo ningeitoa kwa dakika tano. Alieleza kwamba apu yake inamfanya mgonjwa awe daktari wake mwenyewe, kisha akaonyesha mstari wa namba zangu kwenye kitambaa. Ulianza juu kabisa, siku ile ya 16.4, ukashuka mara moja, halafu ukatulia chini, umenyooka kama shuka lililotoka kwenye pasi.

"Mama huyu hakuongezewa dawa," alisema. "Alipunguziwa."

Walipiga makofi. Nesi alinishika kiwiko, nikasimama, nikafungua hotuba yangu.

Sikuona kitu. Yaani niliona kingo za karatasi, na maneno ya mwanzo na ya mwisho wa kila mstari, lakini katikati lile doa lilikuwa limekaa kama paka. Nikasogeza karatasi karibu, nikaipeleka mbali. Watu wakaanza kukohoa.

"Achana na karatasi, mama," mgeni alisema kwa upole. "Tuambie kwa maneno yako tu. Siri yako ni nini?"

Nilishusha pumzi. Daftari la rafu lilikuwa kwenye mkoba, nami huwezi kunizuia kueleza hesabu nikiwa na daftari.

"Siri ni kutafuta kosa na kulitoa," nilisema.

"Maneno ya dhahabu," alisema mgeni, akawageukia watu. "Mmesikia? Kutafuta kosa na kulitoa."

"Kwa mfano Alhamisi iliyopita. Namba za rafu naandika kubwa, bado naziona. Kidole kilitoa 18.7. Nikakumbuka kwamba nilikula mkate wa siagi kazini, vipande vitatu. Hivyo ni tano. Nilikuwa na wasiwasi wa mtihani, hiyo ni tatu na nusu. Nilisahau kidonge cha usiku, hiyo ni mbili. Ukitoa vyote inabaki 8.2. Hiyo ndiyo niliyoingiza."

Tabasamu la nesi lilibaki mahali pake, lakini macho yake yaliondoka. "Mama, ngoja. Uliyoandika kwenye apu ni ipi?"

"Ile safi. 8.2."

"Na hiyo 18.7?"

"Hiyo ya rafu."

Kisha mzee mmoja wa benchi la nyuma, dereva wa teksi aliyestaafu, akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani," alisema. "Kumbe inaruhusiwa kutoa? Mimi nimekuwa nikihangaika kumpima shemeji yangu kila asubuhi. Yeye hana sukari."

"Afadhali wewe unapima," fundi cherehani aliyekaa mbele yake alimgeukia. "Mimi naingiza ileile namba iliyonipa nyota ya kwanza. Kidole changu hakijaona sindano tangu mwezi wa tatu."

"Mama, si hatari hiyo?" dereva alimuuliza.

"Mimi nashona, baba. Nikichoma vidole nitashona na nini? Na wewe huyo shemeji, ana kosa gani la kuchomwa kila siku?"

"Anakaa kwangu bure."

Watu walicheka, wengine wakacheka huku wakiangalia sakafu. Mgeni alikuwa ameshatoa kalamu. "Haya ni maoni muhimu sana ya watumiaji," alisema, akaniinamia. "Mama, hiyo soda uliyoipa nne, ilikuwa chupa kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

Akaandika.

Daktari hakucheka. Alikuja akalichukua daftari mikononi mwangu, akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Aliufuatisha kwa kidole upande wa kushoto tu, ule wa namba za kwanza: 17.1, 18.7, 21.0, 19.5. Upande wa kulia hakuugusa.

"Mama, njoo ndani," alisema. "Baba, na wewe njoo."

Chumba chake kilikuwa na meza, viti vitatu na bango la herufi ukutani. Aliniziba jicho la kulia nikasoma mistari miwili ya juu, ile yenye herufi kubwa. Aliniziba la kushoto nikasoma mmoja, tena nilikisia. Akazima taa, akanimulika ndani ya jicho kwa kurunzi ndogo, karibu sana, pumzi zake zinanuka kahawa. Kisha akawasha taa, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akanitazama mimi na si kompyuta.

"Nyuma ya jicho kuna mishipa midogo. Yako inavuja damu. Hilo doa unaloliona ndilo hilo."

"Ni sukari?"

"Ni sukari. Hii ya rafu."

Nilimsubiri mume wangu aseme kitu kuhusu kuvuja. Hakusema. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyekupunguzia vidonge," daktari aliendelea. "Nilisoma namba zako, sikukuuliza hata kama unakojoa usiku. Hilo kosa ni langu, mama, na halitoki kwa penseli."

"Daktari, mtihani wangu ni mwezi wa tisa."

"Nitakuandikia barua ya hospitali kubwa, wakachome hiyo mishipa kwa mwanga. Lakini sukari ikibaki hapa," akaweka kidole juu ya 18.7, "mwanga hautasaidia. Mwezi wa tisa utakukuta huuoni ubao. Ikishuka kweli, hicho unachokiona leo tunaweza kukilinda."

"Kukilinda. Siyo kurudisha kilichopotea."

"Kukilinda, mama. Zaidi ya hapo nisikudanganye."

Nikainamisha kichwa. Kwa wiki kumi na sita nilikuwa nimemwomba Mungu kila asubuhi anionyeshe kosa liko wapi. Alikuwa amenionyesha, tena kwa rangi nyeusi, katikati ya ukurasa. Na mimi nilikuwa nafuta miwani.

Tulipotoka, keki ilikuwa imekatwa. Soda zilikuwa zimefunguliwa, na watu waliokuja kusikia namna ya kushusha sukari walikuwa wameshika chupa. Mgeni alikuwa anamsikiliza dereva akieleza habari za shemeji. Nesi alinijia na cheti changu chenye fremu, hajui akiweke wapi, macho yake mekundu.

"Mwanangu, kiweke chini kwanza," nilimwambia. "Leta mashine yako unipime."

"Twende chumbani, mama."

"Nipime hapa. Makofi mlinipigia hapa."

Alinichoma kidole. Watu walianza kusogea, mmoja mmoja, mpaka wakatuzunguka. Namba ilipotokea ilikuwa imejificha chini ya doa, nikamwomba aisome.

"19.3," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema wasikie."

"19.3."

Mume wangu alishika simu yangu aniandikie. "Nipe, Profesa, huoni vizuri."

"Tarakimu nitaziandika mwenyewe. Wewe niambie tu nikikosea."

Nikaandika moja, nikaandika tisa, nikaweka nukta, nikaandika tatu. Uso ukawa mwekundu, chozi likaanza kushuka, na mume wangu akasoma kwa sauti maneno yaliyotokea: Pole, namba yako iko juu sana. Umepoteza nyota zako zote.

"Hata kikombe?" niliuliza.

"Hata kikombe."

Fundi cherehani aliweka kidole chake mbele ya nesi. Dereva alimtazama, akarudisha chupa yake kwenye kreti. Mgeni alikuwa bado ameshika kalamu, lakini hakuandika.

Ndipo nikamshika mume wangu mkono, nikasema kwa sauti yangu ya kusomea, ile ya kusimama mbele ya darasa:

"Namba mmeisikia wote, basi na hili lisikieni. Namwahidi Mungu, na nawaahidi ninyi, na wewe mume wangu uwe wa kwanza kunikumbusha. Kila asubuhi nitaiandika sukari kama ilivyotoka kwenye kidole, hata ikiwa na chozi. Vidonge nitavimeza kama daktari atakavyosema, na mkate wa siagi wa kazini nimeuacha leo. Na mwezi wa tisa nitakwenda kukaa kwenye mtihani wangu, kwa jicho lolote litakalokuwa limebaki."